Prodyuza ananitaka niimbe nyimbo za mapenzi kwa jina lisilo langu

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 28, mkazi wa Mwanga, mjini Kigoma. Nimezaliwa na kulelewa kanisani. Baba yangu ni mwinjilisti, mama yangu ni mama wa maombi anayejulikana mtaa mzima, na mimi nilianza kuimba kwaya ya watoto kabla sijaweza kusoma maneno ya nyimbo. Leo naimba sauti ya tatu katika kwaya kuu na nyimbo nyingi naongoza mimi. Riziki yangu ni kutengeneza simu sokoni, kazi ambayo kuna siku inalisha na kuna siku hailishi.

Kwaya yetu ina albamu moja. Fedha za kurekodi zilitokana na michango ya waumini, wakiwemo akina mama wanaouza dagaa Kibirizi, ambao siku ya uzinduzi walikuja mbele na noti zilizokunjwa kwenye ncha za khanga. Wimbo mmoja katika albamu hiyo umetutangulia kila tunakokwenda. Tumeukuta unaimbwa Kasulu na Kibondo, na wapo walioufanya mlio wa simu. Aliutunga mwalimu wetu wa kwaya, mzee aliyestaafu ualimu, katika kipindi ambacho mke wake alikuwa anaumwa sana. Daftari lenye wimbo huo nimelishika kwa mikono yangu: maneno kwa kalamu ya wino, na juu yake herufi za solfa kwa kalamu ya risasi, zimefutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi imechanika kidogo kwenye kiitikio.

Jambo ambalo sijamwambia mtu ni hili. Tangu nikiwa sekondari napenda muziki wa souli wa Wamarekani weusi wa zamani. Mjomba wangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alikuwa na kanda za Sam Cooke, Otis Redding na Aretha Franklin, na mimi nilizisikiliza mpaka nikaweza kuimba bila kujua maana ya maneno yote. Nikiwa peke yangu natunga nyimbo za Kiswahili za namna hiyo, nyimbo za mapenzi, za kusubiri, za kuachwa.

Mwaka huu prodyuza mmoja kutoka Dar es Salaam alikuja Ujiji kwenye harusi ya ndugu yake, akanisikia nikiimba. Alinipeleka studio ya rafiki yake huku huku Kigoma, chumba kimoja chenye trei za mayai ukutani na godoro lililosimamishwa mlangoni kuzuia sauti za nje, tukarekodi wimbo wangu mmoja. Mshauri, niliposikia sauti yangu ikitoka kwenye zile spika, nilijua kwamba ndivyo nilivyotaka kuimba siku zote. Sikujisikia mchafu. Nilijisikia mzima, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Prodyuza anataka tusaini mkataba wa miaka 5, na atanitangulizia shilingi milioni 2. Masharti yake ni kwamba nitumie jina jipya na sura yangu isionekane kwenye video, ili nisipoteze kwaya na wala yeye asigombane na watu wa dini. La pili, anataka wimbo wa kwanza kutoka uwe na sauti ya ule wimbo wetu wa kwaya, maana anasema watu tayari wanaupenda. Tubadilishe maneno tu. Palipo na ‘Bwana’ pawe na ‘mpenzi’. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Kanisani kwetu dada mmoja aliwahi kusikika akiimba kwenye ukumbi wa hoteli. Alisimamishwa huduma, akakaa viti vya nyuma muda mrefu, na hata aliporudishwa hakupewa tena kuongoza. Mimi nina mchumba, anaimba sauti ya kwanza katika kwaya hiyo hiyo. Posa imepokelewa, sehemu ya mahari imeshatolewa, na matangazo ya ndoa yataanza karibuni. Naye sijamwambia.

Nikikaa kimya nitazeeka nikijiuliza ningekuwa nani. Nikienda nitawavunja wazazi wangu. Je, kuimba nyimbo za mapenzi ni kumuasi Mungu aliyenipa sauti? Na je, hilo jina jipya si njia ya kunusuru kila upande?

Mwimbaji wa sauti ya tatu, Kigoma.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Ahsante kwa kuandika kwa uwazi ambao naona hujaupatia nafasi mahali pengine popote, na nitajitahidi kukujibu kwa uwazi huo huo.

Umezaliwa ndani ya kanisa, sauti yako imelelewa na kwaya, na sasa umegundua kwamba sauti hiyo hiyo ina jambo lingine inalotaka kusema. Mtu amejitokeza na fedha na studio, anakuahidi kwamba unaweza kwenda bila kuondoka. Unaogopa kumkosea Mungu, wazazi, mchumba na kanisa. Unaogopa pia kujikosea mwenyewe. Swali uliloliweka mbele ni la dhambi. Hata hivyo, nikiifuata barua yako mstari kwa mstari, naona kinachokunyima usingizi zaidi ni masharti mawili ya huyo prodyuza. Niruhusu nianze na hayo, kwa sababu hata kama ungekuwa na hakika kabisa kwamba wimbo wa mapenzi si dhambi, masharti hayo yangebaki pale pale.

Kwanza, jina. Katika zile kanda za mjomba wako yumo mtu aliyepita njia hii hii. Sam Cooke alikuwa mtoto wa mhubiri, amezaliwa Mississippi mwaka 1931 na kukulia Chicago. Mwaka 1950 alichukuliwa kuwa mwimbaji kiongozi wa Soul Stirrers, mojawapo ya makundi ya Injili yaliyoheshimiwa sana Marekani, na makanisa yalijaa watu waliokuja kumsikia. Mwaka 1956 alirekodi wimbo wa mapenzi, akautoa kwa jina la Dale Cook, ili wapenzi wa Injili wasimtambue. Walimtambua. Sauti iliyowaliza watu makanisani haikuweza kuwa ya mtu mwingine kwa kubadilishiwa herufi tatu nne, na wimbo wenyewe ulikuwa ni wimbo wa kundi lake la Injili uliobadilishwa maneno. Mwaka uliofuata aliacha kundi, akaimba kwa jina lake, na wimbo wake ‘You Send Me’ ukafika nafasi ya kwanza nchini kwao. Sisemi kwamba uwazi ndio uliompa mafanikio hayo. Nakueleza tu kwamba jina la bandia halikumlinda hata kidogo, na hilo lilikuwa katika nchi kubwa mara nyingi kuliko yetu.

Wewe uko Kigoma. Sauti yako inajulikana kwenye misiba, kwenye send-off, kwenye mikutano ya Injili mpaka Kibondo. Wale akina mama wa Kibirizi watakapousikia wimbo huo kwenye simu ya mtu, unadhani watahitaji kuona sura? Nakuomba pia ulitazame swali la nani hasa analindwa na hilo jina. Prodyuza anasema ni kwa ajili yako. Lakini kama jina jipya ni mali ya studio, na mashabiki wanalijua jina lakini hawaijui sura yako, siku mkigombana unaweza kujikuta umetoka bila jina, bila nyimbo, bila hata ushahidi wa kuwaonyesha watu kwamba wewe ndiye uliyekuwa unaimba. Siwezi kujua nia ya mtu nisiyemjua, na huenda amekuja na moyo safi. Mkataba hata hivyo hausomwi kwa kuangalia moyo wa aliyeuandika.

La pili ni wimbo wa mwalimu wako, na hapa, mwanangu, nitasema kwa uzito kidogo. Kugeuza wimbo wa Mungu kuwa wa mpenzi ni jambo la zamani katika souli, na mwaka 1954 Ray Charles alitengeneza mmoja wa nyimbo zilizofungua mlango wa muziki huo kwa kuchukua mwendo wa wimbo wa Injili na kuweka mwanamke mahali pa Yesu. Wapo walioupokea kwa shangwe na wapo waliochukizwa sana. Kwa hiyo prodyuza wako hakubuni jipya. Lakini wimbo huu una mwenyewe, yu hai, na unamwamkia kila mazoezi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, aliyetunga ndiye mwenye haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake ibadilishwe, hata kama hajaisajili popote. Mkiutoa bila ruhusa yake, kosa litawahusu nyote wawili, na pengine wewe zaidi, kwa kuwa ndiye uliyeujua wimbo ulikotoka.

Na sheria ni sehemu ndogo ya jambo hilo. Umenieleza karatasi iliyochanika kwenye kiitikio. Mtu haelezi jambo kama hilo kwa bahati mbaya. Naamini ulipoliandika ulikuwa unajijibu mwenyewe. Mzee yule aliandika ‘Bwana’ mahali pale akiwa na mgonjwa ndani ya nyumba. Huenda ukimuomba atakataa. Huenda, tena wazee hutushangaza, atakubali kukutungia sauti nyingine kabisa, kwa kuwa mwalimu wa muziki hufurahi kuona sikio la mwanafunzi wake limekua. Nauliza tu: je, umemnyima nafasi ya kukushangaza?

Sasa nije kwenye lile swali lako la kwanza. Sitakutolea hukumu juu ya dhambi. Mimi si mchungaji wako, na makanisa yetu hayana kauli moja juu ya jambo hili. Yapo yanayomruhusu mwimbaji kuimba wimbo wa ndoa na upendo safi, na yapo yanayohesabu kila kisicho Injili kuwa cha dunia. Utasikia watu wakikutajia Wimbo Ulio Bora, kwamba mapenzi yamo ndani ya Biblia yenyewe. Ni kweli yamo, ila nisingependa uende na kitabu hicho kwa wazee wa kanisa kama mtu anayekwenda kushinda kesi. Nenda kwao ukiwa na swali lako halisi, lile la kujisikia mzima studio na kuogopa uzima huo.

Wenye vipawa kama chako hawakufuata njia moja. Mahalia Jackson, mwimbaji wa Injili wa Marekani ambaye angeweza kupata fedha nyingi kwa nyimbo za dunia, alikataa maisha yake yote na hakuonekana kupungukiwa. Aretha Franklin, binti wa mchungaji, aliimba souli mpaka dunia nzima ikamjua, kisha mwaka 1972 akaingia kanisani Los Angeles na kurekodi albamu ya Injili. Humo baba yake anasikika akisema kwamba binti yake hakuwahi kuliacha kanisa. Al Green alikuwa nyota wa nyimbo za mapenzi, na mwaka 1976 akawa mchungaji Memphis. Hapa kwetu njia tuliyoizoea ni ya kutoka kwenye dansi kuja kwenye Injili, kama alivyofanya Cosmas Chidumule, na kama alivyofanya Remmy Ongala katika miaka yake ya mwisho kabla hajafariki mwaka 2010. Kanisa linajua namna ya kumpokea anayekuja, linapiga hata vigelegele. Kwa anayetoka hatuna desturi iliyo wazi, isipokuwa ile ya viti vya nyuma. Ndiyo maana hofu yako si ya kubuni, na yeyote atakayekwambia “nenda tu, watazoea” hajui unachokiweka rehani.

Hebu tuangalie basi ulichonacho mkononi. Kubaki kwenye kwaya na kuziacha nyimbo zako kwenye daftari ni njia ya heshima, ilimradi umeichagua. Hatari yake umeitaja mwenyewe: uchungu. Nimewaona waimbaji waliobaki kwa woga, na uchungu ule uliingia mpaka kwenye namna walivyowasahihisha wadogo zao mazoezini. Ukibaki, baki kwa sababu unaipenda huduma, na mwambie hata mtu mmoja kwamba ulikuwa na njia nyingine.

Kwenda kwa jina lako, ukiwa umewaaga viongozi kabla hawajasikia kwa watu, kuna gharama kubwa mwanzoni. Pengine utasimamishwa. Mialiko ya mikutano na uzinduzi itakatika, na hiyo ni sehemu ya riziki yako, hata kama hukuihesabu ulipotaja kazi ya simu. Na upande wa pili hakuna anayekusubiri kwa hakika. Wasikilizaji wengi wa umri wako wanataka Bongo Fleva yenye mdundo wa kuchezeka. Wimbo wa taratibu unaotegemea sauti tupu una wapenzi wake, lakini si wengi, na shilingi milioni 2 hazikai muda mrefu mjini Dar es Salaam kwa kijana anayelipa pango. Unaweza kupoteza wa kwanza usiwapate wa pili. Naliandika hili si kukutisha, bali kwa kuwa katika barua yako nzima umeogopa sana kufanikiwa kwa siri na hukugusa kabisa uwezekano wa kutofanikiwa hadharani. Jiulize kama ungeweza kuishi na hilo, na kama jibu ni ndiyo, basi hamu yako ni ya muziki wenyewe.

Iko pia njia ya kati, nayo ina matatizo yake. Unaweza kuomba ruhusa ya kutoa wimbo mmoja wako mwenyewe, wa upendo usio na aibu mbele ya mama yako, bila mkataba wa miaka 5, uone unapokelewaje. Wengine watasema umekaa na mguu huku na mguu kule, na prodyuza huenda akakosa subira. Faida yake ni kwamba utapata kujua mambo mawili usiyoyajua sasa: kanisa lako litasema nini likiulizwa kwa adabu, na kama watu watausikiliza wimbo wako pasipo kubebwa na wimbo wa mwalimu. Umesema una nyimbo zako. Kwa nini mtu aliyevutiwa na sauti yako aanze na wimbo usio wako?

Kuhusu wazazi, umeniandikia kwamba utawavunja, na umeandika kama jambo lililokwisha kutokea. Inawezekana baba atakasirika, na hasira ya mwinjilisti ambaye mwanawe ndiye mfano anaoutoa mimbarani si ndogo. Lakini tofautisha wimbo na kufichwa. Baba anaweza kubishana na wimbo mwaka mzima na bado mkala meza moja. Kusikia kwa jirani kwamba mwanawe ana jina lingine ambalo yeye hakumpa, hilo sijui atalichukuaje, nawe hulijui.

Nimemwacha mchumba wako mpaka sasa, ingawa kwa mtazamo wangu yeye ndiye wa kwanza. Wewe unaweza kuamua kuhatarisha nafasi yako katika kwaya; nafasi yake yeye huna ruhusa ya kuihatarisha bila yeye kujua. Ukisimamishwa wiki ya matangazo, atasimama peke yake kwenye sauti ya kwanza huku watu wakimgeukia. Na ukisaini, anaolewa na mtu mwenye mkataba wa miaka 5 ambao haujui. Mwambie mapema, mkiwa wawili, siku isiyo na mazoezi. Mchezeshee ule wimbo mliorekodi, usimweleze kwa maneno tu. Anaweza kuumia kwamba ulimficha, anaweza kuomba muda, anaweza hata kukuambia alikuwa anakusikia ukiimba peke yako siku zote. Vyovyote atakavyosema, hutakuwa tena unaamua peke yako jambo la watu wawili.

Kwa upande wa mkataba, omba nakala uende nayo nyumbani, na mtafute mwanasheria auone kabla hujaweka sahihi. Ofisi ya COSOTA, inayoshughulikia hakimiliki nchini, nayo inaweza kukueleza haki zako kama mtunzi. Uulize kwa maandishi: jina ni la nani, nyimbo ninazotunga ni za nani, zile milioni 2 ni zawadi au ni deni litakalokatwa kwenye mapato, na nikitaka kutoka kabla ya miaka 5 natokaje. Uliza pia kama yuko tayari kuuacha wimbo wa kwaya na kuanza na mmoja wa nyimbo zako. Kuhusu ule mwisho wa mwezi, muombe aongeze muda mpaka umezungumza na mchumba wako na mwalimu wako wa kwaya, kisha uniandikie alivyojibu.